Mbwa mdogo anapoanguka degedege: atibiwe hapa Mtwara au apelekwe Morogoro?

Saa tisa usiku, nyumbani Shangani hapa Mtwara, nilisikia kucha zikikwaruza sakafu. Nikawasha taa ya simu. Kashata, mbwa wetu wa kilo nne, alikuwa amelala ubavu anapiga miguu kama anayeogelea, taya zimekaza, povu mdomoni, mkojo umemtoka. Nikafanya kosa ambalo wengi hulifanya: nilichukua kijiko nimtenganishe meno asije akajing'ata ulimi. Alichong'ata ni kidole changu. Kulipokucha tulikuwa wagonjwa wawili, maana chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilikuwa imepitiliza muda, na daktari hakutaka kusikia habari ya "lakini huyu ni wa ndani tu, daktari".

Tangu hapo kila mwenye mbwa mdogo akipatwa na jambo hili ananitafuta. Na siku hizi wapo: Maltese, Chihuahua, Shih Tzu, Pug wa pua bapa. Wengine walikuja na watu wa kazi za gesi na saruji, wengine ni zawadi kutoka Dar. Swali lao huwa lilelile. Tubaki na dawa za hapa, au tupande basi? Nimeziweka njia zote hapa chini, kila moja kwa vipimo vilevile, ili mtu achague akijua anachokinunua.

Magonjwa mawili yenye sura moja

Mbwa wa miili midogo wana maradhi mawili ambayo usiku wa kwanza huwezi kuyatofautisha. La kwanza ni kifafa cha kurithi. Ubongo ukiupiga picha hauna kasoro, ila mara kwa mara umeme wake unaruka mpaka. Kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6.

La pili ni ubongo wenyewe kuvimba pasipo kidudu chochote kuonekana. Kinga ya mwili inaugeukia ubongo na utando wake na kuushambulia. Hupenda zaidi Pug, Maltese, Chihuahua, Yorkshire Terrier, Shih Tzu, Pekingese na Bulldog wa Kifaransa, wengi wakiwa vijana au wa makamo. Kwa Pug ugonjwa huu umezoeleka hata kuna aina yake iliyopewa jina la mbwa huyo, na kwake huwa mkali. Nani anaiamsha kinga hiyo, sayansi haijapata jibu, ndiyo maana madaktari huuandika tu kuwa ni uvimbe wa ubongo wa chanzo kisichojulikana.

Sasa, jambo nililojifunza kwa kuchelewa: usimtazame mbwa wakati anaanguka, mtazame wakati haanguki. Wa kifafa akishapumzika, saa chache au siku moja, anarudi kuwa yuleyule mwizi wa samaki. Aliyevimba ubongo harudi kamili. Anazunguka upande mmoja, anainamisha kichwa, anajigonga miguu ya meza, anasimama kwenye kona akitazama ukuta, analia ukimshika shingo. Ila usiliegemee hili kama nguzo ya nyumba, kwa sababu wapo ambao mwanzoni degedege ndiyo dalili pekee, na hayo mengine hufuata baada ya siku au wiki.

Kabla ya kuchagua chochote

Kichaa cha mbwa kitangulie mbele ya mawazo yote. Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kukitokomeza kusini mashariki mwa Tanzania, ulioanza mwaka 2010 chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani, na mbwa wengi walichanjwa. Ugonjwa haukuwa umekwisha. Mbwa asiye na chanjo hai, aliyebadilika tabia, anayetokwa mate na kushindwa kumeza, hasafirishwi kwa basi wala hafunguliwi mdomo. Mtenge, mwite daktari wa mifugo wa halmashauri. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa aliyeng'ata huangaliwa siku 10. Mwenye kichaa kwa kawaida hazimalizi. Siku 10 za Kashata nilizihesabu kama mfungwa.

Halafu kuna sumu. Msimu wa kupulizia mikorosho, dawa za wadudu zinakaa kwenye ndoo na chupa za maji mpaka uani kwa watu. Mbwa aliyezilamba hutokwa mate mengi, anatetemeka, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Huyo anahitaji sindano sasa hivi, habari ya basi haipo.

Mtoto wa mbwa wa kilo moja aliyeshinda bila kula anaweza kuanguka kwa sukari kushuka tu. Asali ikipakwa kwenye fizi humwinua ukiwa njiani kwenda kwa daktari. Jike mdogo anayenyonyesha, wiki za kwanza baada ya kuzaa, hukakamaa kwa upungufu wa kalsiamu. Na kupe: homa yao ikikaa muda mrefu hushusha chembe za kugandisha damu na inaweza kufika mpaka ubongoni. Kwa walio Liwale na Nachingwea, waongeze mbung'o kwenye orodha ya watuhumiwa. Sukari hupimwa kwa tone la damu ya sikio na kile kipimo cha watu cha kidole, na damu ya kioo cha hadubini husomwa hapahapa kusini. Usikubali kuambiwa "ni ubongo" kabla ya hayo.

Tunapima kwa lipi

Nimechukua mambo manne: fedha, uhakika wa kujua ugonjwa, hatari kwa mbwa, na kazi inayobaki nyumbani. Baada ya hapo ndipo naeleza inamfaa nani. Bei za shilingi siandiki, zinabadilika kila leo.

Njia ya kwanza: kubaki hapa na dawa ya kifafa peke yake

Fedha. Ndiyo nafuu kuliko zote. Fenobabitoni ni dawa ya siku nyingi na vidonge vyake ni bei ya chini, ila ni ya kudhibitiwa, haiuzwi bila cheti cha daktari. Ukiuziwa kwa mlango wa nyuma ujue hata dozi umeuziwa kwa mlango huohuo.

Uhakika. Mdogo. Dawa hii inazuia degedege la chanzo chochote kwa kiasi fulani, kwa hiyo mbwa akitulia hujajua ana nini. Hapo ndipo wengi tunapojidanganya.

Hatari. Dozi ya kuanzia ni kama miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya mwili, mara mbili kwa siku. Kidonge kilichozoeleka ni cha miligramu 30. Fanya hesabu: mbwa wa kilo nne anahitaji karibu theluthi ya kidonge. Nakata kwa wembe mpya juu ya sahani nyeupe, na kipande cha tatu kila mara kinasagika. Nilipokuwa nakata robo ilikuwa haimtoshi, nusu ikamlewesha akayumba kama mvuvi aliyetoka kilabuni. Dawa huchukua takriban wiki mbili kutulia kwenye damu, hivyo usiihukumu siku ya tatu. Njaa, kiu na mkojo huongezeka. Ini linaweza kuumia kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana kiwango cha dawa na ini hupimwa baada ya wiki mbili tatu za mwanzo, kisha kila miezi 6. Na kubwa kuliko yote: haikatishwi ghafla. Dawa ikiisha Ijumaa jioni na duka likafungwa, degedege la Jumapili litakuwa la kuikosa dawa yenyewe.

Zipo mbadala. Bromaidi ya potasiamu hailemei ini, lakini huchukua miezi kujaa mwilini, na chumvi ikizidi kwenye chakula huifukuza dawa kwenye mkojo. Kwetu hilo si dogo: mbwa anayerushiwa vichwa vya ng'onda leo na wali mtupu kesho, dawa yake inapanda na kushuka bila mtu kujua. Levetirasetamu ni nyepesi kwa ini, ila ya kawaida hutolewa kila saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Ukipewa ya maji ya watu, soma kibandiko. Ikiwa na zailitoli, ile sukari ya bandia, usimpe mbwa hata tone.

Kazi ya nyumbani. Vidonge asubuhi na jioni bila kukosa, na daftari la kuandika kila unachokiona.

Inamfaa nani. Mbwa aliye mzima kabisa kati ya degedege moja na lingine, umri wake uko kwenye ile miezi 6 hadi miaka 6, vipimo vya damu ni safi, na mwenye mbwa ana macho ya kumfuatilia.

Njia ya pili: kubaki hapa na kutibu kana kwamba ubongo umevimba

Hapa daktari anaongeza predinisoloni, steroidi, kwa dozi ya juu ya kushusha kinga ya mwili, juu ya ile dawa ya degedege. Ni kutibu kwa kukisia, tena hata madaktari wazuri hulifanya pale vipimo vinapokuwa mbali. Silidharau.

Fedha. Vidonge ni rahisi. Kinachokula fedha ni muda, kwa sababu matibabu ni ya miezi, mara nyingi ya maisha.

Uhakika. Unaupata kwa mlango wa uani: mbwa akipata nafuu ndani ya siku chache, kisio limepata nguvu. Halijathibitika.

Hatari. Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Kama kilichomo ubongoni ni kidudu, yaani homa ya kupe, toksoplasma, distempa au vimelea vya mbung'o, steroidi inamvua askari silaha mwizi akiwa ndani. Kwa hiyo madaktari wengi huanza na doksisaiklini kwa ajili ya kupe, na pengine klindamaisini, huku wakisubiri majibu. Steroidi pia huchubua tumbo na kuleta vidonda. Ikichanganywa na diklofenaki au ibuprofeni, vile vidonge vya maumivu vilivyo kwenye kila kabati la nyumba, tumbo linaweza kutoboka. Usimwongezee chochote kwa huruma.

Jambo jingine watu hawaambiwi: njia hii inaziba kidogo ile ya tatu, ya kusafiri kwa vipimo. Steroidi ikishaingia, maji ya uti wa mgongo yanaweza kusomeka safi wakati ubongo bado una moto. Kama una nia ya kusafiri wiki hii na daktari anaona mbwa anaweza kuhimili, muulize kama mtaanza na dawa ya degedege tu. Lakini mbwa anayezidi kuzama mbele ya macho yako hasubiri kipimo kitoke kizuri.

Kazi ya nyumbani. Mkojo, mkojo, mkojo. Kashata alikunywa maji mpaka nikadhani ndoo inavuja. Dozi hupunguzwa polepole kwa miezi, na kila hatua ya kupunguza ni ya kuandika. Mimi niliwahi kuharakisha, nikaruka hatua moja kwa sababu alionekana mzima. Siku ya tano akaanza kugonga mlango uliokuwa wazi.

Inamfaa nani. Mbwa wa zile aina nilizozitaja, asiyerudi kamili baada ya degedege, mwenye chanjo hai na damu isiyoonyesha vimelea, na ambaye safari haiwezekani kwa fedha au kwa hali yake.

Njia ya tatu: kusafiri kwa vipimo

Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, na Morogoro ni karibu 200 zaidi. Dar kuna kliniki za wanyama wa nyumbani. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wanakosomea madaktari wa mifugo wa nchi hii. Piga simu kwanza, uliza kwa majina: mnachukua maji ya uti wa mgongo? Mnapata wapi picha ya MRI ya mnyama, ile ya sumaku inayoonyesha ndani ya ubongo? Daktari wa mbwa yupo siku gani? Usifike saa moja usiku ukaambiwa urudi Jumatatu.

Fedha. Nzito. Nauli, malazi, dawa ya usingizi, vipimo, na marudio. Picha ya MRI pekee inaweza kupita gharama ya vidonge vya mwaka mzima.

Uhakika. Ndio mkubwa kuliko njia zote, lakini si kamili. Picha huonyesha mahali palipovimba, na maji ya uti wa mgongo huonyesha chembe za kinga: kwa mbwa mzima hazifiki 5 kwa mikrolita. Baadhi ya wagonjwa maji yao hutoka ya kawaida hata hivyo. Jibu la mwisho kabisa hutoka kwenye kipande cha ubongo chini ya hadubini, na hilo kwa kawaida hufanyika mbwa akishakufa. Wengine huuliza kama maji hayo yanaweza kuchukuliwa Mtwara yakatumwa kwa basi. Hayawezi, kwa sababu chembe zake huanza kuharibika ndani ya saa moja, na basi la alfajiri saa hiyo halijafika hata Lindi.

Hatari. Sindano huingia nyuma ya shingo, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa. Presha ya ubongo ikiwa juu, kuchomwa huko kunaweza kumuua, ndiyo maana picha hutangulia pale inapopatikana. Safari nayo ina hatari yake: joto la ndani ya basi kwa mbwa wa pua bapa ni adui wa wazi. Beba cheti cha chanjo na kibali cha kusafirisha mnyama, dawa ya diazepamu ya kukata degedege, inayowekwa njia ya haja kubwa kwa dozi aliyoandika daktari, maji, na kitambaa cha kulowesha. Makondakta wengi hawataki mbwa. Tulikodi gari dogo na jamaa aliyekuwa anakwenda Mbagala, tukagawana mafuta.

Kazi ya nyumbani. Ukishajua, mlango wa dawa nyingine unafunguka: sitarabini, dawa ya saratani inayochomwa kwa siku mbili na kurudiwa kila baada ya wiki tatu hivi, au saiklosporini ya kumeza. Hizi husaidia kupunguza steroidi. Mkojo na kinyesi cha mbwa aliyechomwa sitarabini hushikwa kwa glovu, na watoto wasifanye usafi huo.

Inamfaa nani. Mbwa ambaye degedege zake zimedhibitiwa kiasi cha kuvumilia safari, aliyeanza kuzunguka au kupoteza uoni, au ambaye fenobabitoni imeshindwa. Na mwenye mbwa ambaye jibu litabadilisha anachofanya. Kama majibu yoyote yatakayotoka wewe utampa predinisoloni tu, nauli hiyo inunue dawa.

Njia ya nne: kumpumzisha

Watu hawapendi kuitaja, lakini ipo mezani. Fedha: kidogo. Uhakika: hakuna kipya utakachojua, isipokuwa ukikubali ubongo upimwe kama kuna shaka ya kichaa; kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kipo Mtwara, na jibu hilo ni la aliyeng'atwa kuliko la mbwa. Hatari: ifanywe na daktari kwa sindano, si kwa rungu wala sumu ya panya, jambo ambalo bado naliona mitaani. Kazi ya nyumbani: shimo refu, na watoto waelezwe ukweli. Inamfaa mbwa ambaye degedege halikatiki kwa dawa, hali chakula, hatambui mtu, au ambaye matibabu yameshindwa mara ya pili. Baadhi ya wenye uvimbe huu hufa siku za mwanzo hata wakitibiwa. Wengine huishi miaka. Anayekwambia anajua wako ni yupi, anabahatisha.

Kwa hali yako

Degedege limepita dakika 5, au yamekuja mawili ndani ya saa 24: huchagui njia, unakimbia kwa daktari wa karibu aliye na diazepamu. Ondoa viti, zima taa, tazama saa, mikono mbali na mdomo.

Degedege la kwanza, dakika moja, kesho yake mzima: pima damu, fufua chanjo, ngoja na daftari. Madaktari wengi hawaanzi vidonge kwa tukio moja la namna hiyo.

Yamejirudia mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, na katikati yake ni mzima: anza njia ya kwanza. Akiwa ni Pug au Maltese, weka akiba ya nauli pembeni tangu leo.

Anazunguka au haoni, na fedha ipo: njia ya tatu, kabla ya steroidi ikiwezekana. Fedha haipo: njia ya pili, pamoja na dawa ya kupe, na mwombe daktari akuandikie ratiba ya kupunguza dozi kwa tarehe.

Uko Newala au Kilwa, na daktari wa karibu ni wa ng'ombe: si kikwazo. Mrekodi mbwa kwa video akiwa ameanguka, kisha nyingine akitembea uani siku ya pili, umwonyeshe daktari. Afisa mifugo wetu aliitazama ile ya pili mara tatu, akaniuliza, "Mbona huyu anakata kona moja tu?" Sikuwa nimeona. Nilirudi kwenye daftari, kurasa za wiki ya tatu. Mwandiko wangu mwenyewe, kila jioni: kazunguka mkeka, kushoto. Kazunguka mkeka, kushoto. Kushoto.